Barua ya jimbo ikifika usiiweke juu ya friji: leseni za afya Washington zinavyotolewa na zinavyochukuliwa

#1 ZamuYaUsiku (mleta uzi)

Wadau, habari za Jumapili. Naandika nikiwa nimetoka zamu, saa mbili asubuhi, chai ya tangawizi mkononi na miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Niko jimbo la Washington, lile la Seattle. Nasema mapema kwa sababu kila nikitaja Washington mjomba wangu wa Moshi huniuliza kama namwonaga rais.

Nina RN, yaani leseni ya nesi aliyesajiliwa, mwaka wa tisa sasa. Mwaka juzi nusura niipoteze, na sikumuua mtu. Kisa ni kidonge kimoja.

Nyumba ya wazee, zamu ya usiku. Babu wa kitanda cha dirishani alikuwa anapewa oksikodoni, dawa kali ya maumivu inayoweza kulevya, saa tatu. Nikafungua kabati lenye kufuli mbili, nikabonyeza kidonge kutoka kwenye kadi, nikasaini kitabu: vilikuwa 14, vimebaki 13. Kufika kitandani, babu kakataa. Anasema kinamzungusha kichwa, na akikataa huyo hata uje na jeshi. Utaratibu unajulikana: dawa ya namna hiyo ikikataliwa inaharibiwa mbele ya nesi wa pili na wote wawili mnasaini. Nesi wa pili alikuwa ghorofa ya juu na bibi aliyeanguka chooni. Nikakitumbukiza kidonge kwenye boksi la sindano, nikajisemea akishuka atanisainia. Hakushuka. Asubuhi tukahesabu kadi, 13 kweli zipo, nikampa mwenzangu funguo, nikaenda kulala.

Sasa jumlisha mwenyewe. Kitabu kinasema nesi ametoa kidonge. Faili la mgonjwa linasema hakumeza. Sahihi ya shahidi hakuna. Kidonge kiko wapi?

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini, nikapewa onyo la maandishi na darasa la saa mbili kuhusu dawa za kulevya. Nikasaini, nikaona limeisha. Baada ya miezi mitatu ikaja bahasha nyumbani, na haikutoka kwa mwajiri. Imetoka Bodi ya Uuguzi ya Jimbo. Nikaiweka juu ya friji, chini ya vocha za pizza, nikisema nitaisoma nikipata siku ya kupumzika. Siku ya kupumzika mnaijua ilivyo kwetu sisi wenye kazi mbili.

Ninachotaka kuwaambia ndugu zangu wabeba boksi mlioko kwenye kazi za afya ni hiki: kazi ni ya mwajiri, leseni ni ya jimbo. Mwajiri akikusamehe, jimbo halikukusamehe. Kila mmoja ana faili lake.

Ngoja nibadilishe maji ya beseni, naendelea.

#2 Mbeba_Boksi_Mstaarabu

Pole sana dada. Ila kweli kidonge kimoja? Mimi nilidhani bodi zinahangaika na madaktari wanaokata mguu wa kulia badala ya wa kushoto. Nani alikuchongea?

#3 ZamuYaUsiku

Mkuu, hakuna aliyenichongea kwa maana ya kijijini. Sheria ya huku inawataka waajiri waripoti, na hata mtu baki anaweza kujaza fomu ya malalamiko mtandaoni: mgonjwa, mtoto wa mgonjwa, jirani, mtalaka wako. Na kidonge cha oksikodoni hawakioni kama kidonge. Wanachojiuliza ni kama nesi huyu anameza dawa za wagonjwa. Niliposoma barua ile kwa jicho hilo nikaelewa kwa nini hawakunichekea.

Sasa safari yenyewe. Jimbo hili lina sheria moja inayoshika karibu fani zote za afya, kuanzia daktari wa upasuaji mpaka mkandaji. Ni ya mwaka 1984, iko sura ya 18.130 ya sheria za jimbo. Fani ni nyingi lakini fimbo ni moja. Tofauti ni nani anayeishika. Madaktari wana Kamisheni yao ya Tiba, yenye wajumbe 21: madaktari 13, wasaidizi wa madaktari 2, na raia wa kawaida 6. Sisi manesi tuna Bodi yetu ya watu 15. Wote hao wanateuliwa na gavana. Fani nyingine ndogo hazina bodi, zinashughulikiwa na Idara ya Afya yenyewe.

Lalamiko likiingia, kwanza linapimwa: hata kama yote yaliyoandikwa ni kweli, je, sheria imevunjwa? Kwa hatua hiyo kanuni inawapa siku 21. Nesi kukujibu kwa kiburi kwenye simu si kosa la leseni, kwa hiyo malalamiko ya namna hiyo mengi yanafia hapo. Likipita, mpelelezi anapewa siku 170, halafu uamuzi wa kulifunga au kulisogeza mbele una siku 140. Na siku hizo zinaweza kuongezwa. Piga hesabu uone umekaa muda gani na donge kooni.

Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya mpelelezi. Aliandika kwa adabu kabisa, anaomba maelezo yangu kwa maandishi na nakala za kumbukumbu. Adabu ile ndiyo ilinidanganya. Sikujua kwamba kutomjibu mpelelezi ni kosa linalojitegemea kwenye sheria ile ile. Yaani hata kama kidonge nilikitupa kihalali, kukaa kimya tu kungenitia hatiani.

#4 Mkunga_wa_Same

Naomba kueleweshwa jamani, mimi niko nyumbani Tanzania. Sisi tuna Baraza la Uuguzi na Ukunga, moja la nchi nzima. Ukisajiliwa unafanya kazi Mwanza, ukihamishiwa Mtwara leseni ni ile ile. Huko mnasema jimbo, jimbo. Wizara ya afya ya Marekani iko wapi kwenye hili?

#5 Dokta_Mstaafu

Mkunga, swali zuri, na ndilo linalowachanganya wengi wakishuka tu uwanja wa ndege. Serikali kuu, ile iliyoko Washington DC, haitoi leseni ya kutibu watu. Katiba yao iliacha mambo ya afya na usalama wa raia mikononi mwa majimbo, kwa hiyo una majimbo 50 na kila moja na milango yake.

Kesi iliyofunga mjadala ni ya zamani. Kulikuwa na tabibu West Virginia anaitwa Frank Dent, ametibu watu tangu 1876. Jimbo likapitisha sheria kwamba tabibu awe na diploma ya chuo kinachokubalika, au awe ametibu humo miaka 10, au afanye mtihani. Dent alikuwa na diploma ya chuo cha Cincinnati kilichofundisha tiba ya mitishamba na mchanganyiko mwingine, bodi ikaikataa. Miaka 10 hajafikisha. Akaendelea kutibu, akashtakiwa. Akafika mpaka Mahakama Kuu ya nchi akisema wamemnyang'anya mali yake bila haki. Mwaka 1889 mahakama ikamjibu: jimbo lina mamlaka ya kuweka masharti, mradi masharti yaendane na kazi yenyewe na mtu aweze kuyatimiza kwa kusoma na kujibidisha.

Mpaka leo kila bodi inayomfutia mtu leseni imesimama juu ya mabega ya Dent, maskini, na hakuna anayemkumbuka.

Mtihani wa manesi, NCLEX, ni mmoja kwa nchi nzima, lakini leseni inatolewa na jimbo. Ndiyo maana mtu anafaulu mtihani na bado anasubiri miezi, jimbo linangoja uthibitisho kutoka kwa baraza la nchi alikosomea, alama za vidole, na tathmini ya vyeti.

#6 Pwani_Moja

Mie niko Dallas, nyumbani Kilifi. Hapo kwa uthibitisho daktari umenigusa donda. Karatasi zangu zilipotoka Nairobi zilikuwa na majina yangu matatu, pasipoti ina mawili. Jimbo likazirudisha. Miezi mitano, kwa sababu ya jina la babu! Wanaokuja nawaambia kabisa: jina kwenye cheti cha shule, cha baraza na pasipoti liwe moja kabla hamjalipa hata senti.

Lakini si kweli kwamba kila jimbo limejifungia. Kuna mkataba wa leseni za manesi, majimbo zaidi ya 40 yamo. Texas tumo. Washington wameingia 2023. Ukiwa na leseni ya mkataba wafanya kazi jimbo jingine la mkataba bila kuomba upya. Oregon na California hawamo, kwa hiyo huyo dada akivuka mto kwenda Portland aanze moja.

#7 ZamuYaUsiku

Sahihi Pwani. Ila mkataba una makali mawili. Jimbo lako la nyumbani likikufungia, milango mingine yote inafungwa siku hiyo hiyo. Zamani kuna watu walikuwa wakichapwa jimbo hili wanakimbilia lile. Siku hizi jaribu uone.

#8 Jicho_la_Tai

Mnawapamba sana hao watu wa bodi. Mimi naona wanawabana manesi na wasaidizi, madaktari wanalindana. Hamjasikia habari ya Christopher Duntsch hapo hapo Dallas kwa Pwani? Daktari wa mgongo, kawaacha watu vilema na wengine wamekufa. Alihama hospitali moja hadi nyingine. Bodi ya Texas ilisimamisha leseni yake Juni 2013, wakati madaktari wenzake walishapiga kelele muda mrefu. Mwaka 2017 mahakama ya jinai ikampa kifungo cha maisha. Sasa dada wa kidonge kimoja anafuatwa haraka, huyo anaachwa akate watu. Haki iko wapi?

#9 Dokta_Mstaafu

Jicho, hapo nakuunga mkono nusu.

Nusu ya kwanza: bodi haina macho hospitalini. Inaona inacholetewa. Marekani wana hazina ya taarifa ya taifa, NPDB, ilifunguliwa Septemba 1990 kutokana na sheria ya 1986, kwa ajili hasa ya madaktari waliokuwa wakiruka jimbo hadi jimbo. Hospitali ikimzuia daktari kufanya kazi kwa zaidi ya siku 30 kwa sababu ya utabibu wake, lazima iripoti huko. Mwanya ndio huo. Daktari akiachiwa aondoke kimya kimya, kabla siku 30 hazijafika, hospitali hujiona haina cha kuripoti. Kwa Duntsch hicho ndicho kilichotokea, hospitali aliyoanzia ilimwachia ajiuzulu na kwenye hazina hakuna neno. Aliyemwajiri baadaye akifungua anakuta ukurasa msafi. Na wewe mgonjwa huruhusiwi hata kufungua: majina ya madaktari humo hayaoneshwi kwa umma.

Nusu ya pili, kulindana. Kupo, sikatai, nimekaa kwenye vikao vya kitabibu nyumbani najua. Lakini bodi ikitawaliwa na watu wa fani, hatari nyingine ni kulinda soko. North Carolina bodi ya meno ilikuwa na wajumbe 8, 6 kati yao madaktari wa meno wanaofanya kazi. Wakaanza kuwatumia barua za kutisha watu wanaong'arisha meno kwenye vibanda vya maduka makubwa, eti wanafanya udaktari bila leseni. Kosa lao hasa ilikuwa bei nafuu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya nchi ikasema, kwa kura 6 kwa 3, bodi ya namna hiyo haiwezi kujificha nyuma ya jina la serikali kama serikali yenyewe haiisimamii. Tangu hapo majimbo yakaanza kuwaangalia wajumbe wao kwa jicho jingine.

#10 Jicho_la_Tai

Fisi kapewa bucha, halafu mnashangaa mifupa. Endeleeni.

#11 Mama_Nyumba_Sita

Salamu kwenu. Nina nyumba ya wazee ndogo Federal Way, mji wa hapa hapa Washington, zile za wakazi sita, na wafanyakazi wangu karibu wote ni watoto wa nyumbani: Wakenya, Watanzania wawili, Mkongo mmoja wa Bukavu anayepika sombe mpaka wazee wa Kizungu wanaomba tena. Jicho ana hoja moja ambayo nyie mnaipita mkiongelea manesi na madaktari. Anayeumia zaidi ni CNA, msaidizi wa wauguzi mwenye cheti.

Kwanza mjue hapa kuna ofisi mbili tofauti. Nyumba yangu ina leseni ya idara ya huduma za jamii. Msichana wangu ana cheti cha Idara ya Afya. Mzee akikutwa na alama mkononi, wale wa huduma za jamii wanakuja kunikagua mimi na nyumba, hawa wa afya wanafungua faili la msichana, na ikionekana ni mateso polisi nao wanapigiwa simu. Tukio moja linaingia mlango wa watu watatu, na maneno yake anayosema kwa wa kwanza yanasomwa na wa pili na wa tatu. Nimeona binti anaeleza kwa Kiingereza cha wasiwasi, anasema nilimshika kwa nguvu akimaanisha nilimdaka asianguke. Imeandikwa hivyo hivyo.

Mkalimani ombeni. Hata kama mnaona Kiingereza chenu kinatosha kununulia nyanya.

Pili, kwa nyumba kubwa za wazee zinazopokea fedha za serikali kuu kuna rejista ya CNA, ilitokana na sheria ya 1987, ile ile iliyoweka kwamba msaidizi asome angalau saa 75. Ukiandikwa humo kwamba umemtesa mkazi au umemwibia, ndiyo basi, nyumba hizo hazitakuajiri tena maishani. Likiwa ni kosa moja tu la kumtelekeza, baada ya mwaka 1 unaweza kuomba lifutwe, na wanaangalia kama una mtindo huo. Wengi hawajui hilo. Wameacha kazi ya afya, wanaendesha teksi, kumbe mlango ulikuwa na ufunguo.

#12 Karani_wa_Mahakama

Mama Sita umenichokoza. Mimi si wakili, nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili Tacoma, napanga mafaili, ila mafaili nayasoma.

Kuna hadithi ya mahakama ya jimbo hili inayomhusu CNA na inafaa ijulikane. Mwaka 2001 Mahakama Kuu ya Washington iliamua kesi ya daktari aliyefutiwa leseni. Ikasema leseni ya daktari ni mali nzito kuliko jimbo kuichukua kwa ushahidi uliozidi kidogo tu, wa asilimia 51 kwa 49. Ushahidi uwe wa wazi na wa kusadikisha. Haya. Mwaka 2006 akaja msaidizi wa wauguzi, akasema na mimi je? Cheti changu cha mshahara wa chini ndicho kinacholisha watoto wangu kama cha daktari kinavyolisha wake. Mahakama ikamkubalia. Kwa miaka mitano msaidizi na daktari walisimama kizimbani wakipimwa kwa ratili moja.

Mwaka 2011 ikaja kesi nyingine, ya mama aliyekuwa na leseni ya kulea watoto nyumbani kwake. Mahakama ile ile ikamkatalia kipimo hicho, na ikasema wazi ule uamuzi wa 2006 ulikuwa makosa. Hoja mojawapo: daktari amewekeza miaka ya masomo, wengine hawakuwekeza hivyo.

Mimi nilisoma uamuzi ule nikiwa nakula ugali wa mchana, nikauweka chini. Mama yangu alisafisha wazee miaka 17 Tukwila. Nani alimpimia uwekezaji wake?

#13 Mbeba_Boksi_Mstaarabu

Karani hii ni nzito. Nimemsomea mke wangu, CNA huyo, kanyamaza kidogo halafu kasema "sasa naenda kusoma unesi".

#14 ZamuYaUsiku

Asante Karani, nami sikuwa naijua.

Namalizia langu, watu wananiuliza kesi yangu iliishaje. Nilipata wakili kwa bahati. Rafiki aliniuliza kama nina bima ya kitaaluma ya nesi, ile ya dola mia na kitu kwa mwaka. Ninayo, nililipa nikiwa mwanafunzi na ikaendelea kujikata yenyewe kwenye kadi. Nikasoma makaratasi, nikakuta inalipia wakili wa kutetea leseni. Nililia pale pale jikoni.

Wakili akaniambia mambo mawili. La kwanza, usiandike barua ya majuto. Sisi kwetu mtu akikosewa unaomba radhi hata kama hukukosa, ni ustaarabu. Mimi nilikuwa nimeshaandika kurasa mbili, "naomba mnisamehe, nilikosa sana, haitarudia". Akazichana mbele yangu. Akataka kilichotokea, saa kwa saa, na jina la nesi wa ghorofa ya juu. Yule nesi akathibitisha kwamba usiku ule alikuwa na bibi aliyeanguka, na ripoti ya kuanguka ilikuwepo yenye saa. Pia nilijitolea kupimwa mkojo na nywele, kwa gharama yangu.

La pili, soma kichwa cha karatasi. Ikija hati ya mashtaka rasmi, una siku 20 za kujibu na kuomba kusikilizwa. Usipojibu wanaamua bila wewe. Ukijibu unaenda mbele ya hakimu wa sheria za afya na jopo la bodi, na wakikushinda adhabu ni kuanzia onyo, masharti, faini isiyozidi dola 5,000 kwa kila kosa, mpaka kusimamishwa au kufutwa kabisa. Usiporidhika una siku 30 kwenda mahakama ya kawaida. Wakiona wewe ni hatari ya papo kwa papo wanasimamisha leseni kwanza, kusikilizwa baadaye.

Kwangu ikaja ya aina nyingine, makubaliano yasiyo rasmi. Haisemi umetenda kosa. Inasema kuna madai, na wewe unakubali masharti ili yaishe: saa za masomo ya utunzaji kumbukumbu, ripoti ya msimamizi kila miezi mitatu kwa mwaka mmoja, na kulipia sehemu ya gharama zao. Nilisaini, lakini baada ya wakili kubadilisha sentensi tatu. Ilisemwa "dawa ilipotea". Ikawa "dawa iliharibiwa bila shahidi". Mtu wa nje ataona ni ubishi wa maneno. Mimi kila mwajiri atakayenitafuta atasoma sentensi hiyo mpaka nizeeke, kwa sababu hata makubaliano hayo yanawekwa kwenye tovuti ya jimbo, mtu yeyote akiandika jina langu anayaona, na yanaripotiwa kwenye ile hazina ya taifa aliyoisema daktari.

Neno "yasiyo rasmi" linawaponza watu. Wanasaini wakidhani ni karatasi ya ndani.

#15 Kijana_wa_Chanika

Kaka na dada zangu mmenitisha. Mimi nipo Bongo bado. Kuna mtu WhatsApp anasema ana chuo Florida, unalipa, unapata diploma ya unesi bila kukaa darasani, halafu unafanya NCLEX moja kwa moja. Anasema mtihani ndio unaoangaliwa. Ni kweli?

#16 Pwani_Moja

Ewe mtoto, kimbia! Januari 2023 serikali yao kuu ilitangaza watu 25 wameshtakiwa kwa biashara hiyo hiyo, Florida hiyo hiyo. Diploma bandia zaidi ya 7,600 kutoka shule tatu. Yapata theluthi ya walionunua walifaulu mtihani, wakapata leseni, wakaenda kazini. Halafu bodi za majimbo zikaanza kuwafuata mmoja mmoja, hata waliokuwa wameshafanya kazi miaka. Kufaulu NCLEX hakukuwaokoa, maana msingi wa leseni ni shule, na shule haikuwepo. Mtu kapoteza pesa, leseni, na kama ni mgeni nchini, makaratasi yake ya uhamiaji nayo yanaanza kuulizwa.

#17 Kijana_wa_Chanika

Nimemfungia. Asanteni.

#18 Dokta_Mstaafu

Niongeze moja ambalo Waswahili tunalionea aibu. Kuna wenzetu ambao kidonge hawakukitupa, walikimeza. Zamu mbili, mgongo, talaka, upweke wa theluji. Washington ina mpango wa kuwafuatilia wauguzi wenye uraibu, unapimwa mara kwa mara, unatibiwa, unabaki na leseni yenye masharti. Madaktari wana wao. Anayejipeleka mwenyewe kabla hajakamatwa anapokelewa tofauti kabisa na anayeletwa na mpelelezi. Nimemwona mmoja wetu akipita humo miaka mingi akatoka. Sitasema zaidi ya hapo.

#19 Mkunga_wa_Same

Leseni mnahuisha kila baada ya muda gani? Na pesa za kuwalipa hao wapelelezi zinatoka wapi?

#20 ZamuYaUsiku

Washington nesi anahuisha kila mwaka, siku yake ya kuzaliwa. Zawadi yangu ya kwanza ya birthday kila mwaka ni kulipa jimbo. Unathibitisha umefanya kazi saa 96 na kusoma saa 8 ndani ya mwaka. Na pesa za wapelelezi ni hizo hizo ada zetu, si kodi ya watu wengine. Kwa hiyo yule aliyeniandikia barua ya adabu, mshahara wake nilichangia.

#21 Karani_wa_Mahakama

Kabla uzi haujashuka: anwani. Barua zote hizo jimbo linatuma kwenye anwani iliyo kwenye faili lako la leseni. Hawahangaiki kujua umehama. Tuna mteja, LPN, yaani nesi wa ngazi ya chini ya RN, alihama Kent kwenda Puyallup, akabadilisha anwani benki, kwa leseni ya gari, na shuleni kwa watoto. Bodi akasahau. Hati ya mashtaka ikaenda nyumba ya zamani, siku 20 zikapita, wakaamua bila yeye. Amejua leseni imesimamishwa siku mwajiri alipoangalia jina lake kwenye tovuti, saa tano usiku, ameshavaa sare. Dai lenyewe lilikuwa dogo kuliko la ZamuYaUsiku. Kulirudisha kunamgharimu zaidi ya gari lake.

#22 Mbeba_Boksi_Mstaarabu

Nimemwambia mke wangu aingie aangalie. Anwani yake bado ni ya lile pango letu la Tukwila, tulihama 2021.

Anabadilisha sasa hivi. Kasahau nywila.